Notisi ya Kileleni

Hivi wewe, notisi ikibandikwa kileleni mwa mvule, utaisoma?

Ngiri shingo yake haimruhusu kutazama juu. Alikopa mizizi kwa Kenge, akaweka rehani shimo wanamolala wanawe. Ukame ukaja, akashindwa kulipa. Asubuhi moja akakuta mnada mlangoni.

"Due process, yaani utaratibu wa sheria, imefuatwa, mzee," Kenge akacheka. "Notisi ya mnada ilikaa kileleni mwa mvule miezi mitatu. Shemeji yangu kashanunua. Toka!"

Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume, kama kawaida yake, pembe zikaelekea mlangoni. Kenge akamfuata kichwa mbele, akatoka pua imetoboka.

"Shemeji, nirudishie nilicholipa!" mnunuzi akafoka.

Sasa nyie waheshimiwa mnaotunga sheria, wasio na pembe wajitetee na nini? Notisi ibandikwe mlangoni pa mdaiwa. Leo!