Kodi ya Nyumba

"Rahisi tu," Lenny alisema. "Tupandishe kodi ya nyumba, halafu tukate mishahara ya vibarua."

Darasa zima likampigia makofi. Wacuka, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, hakupiga.

Lilikuwa zoezi la historia, katika chuo kimoja cha ughaibuni, pale Irving. Profesa alikuwa ametandaza mezani ramani ya Kenya ya mwaka 1921, akapanga juu yake vijumba vyekundu vya mbao, vidogo kama punje za mahindi. Bei ya kahawa imeporomoka, alisema, rupia, pesa ya koloni, imepanda ghafla mbele ya pauni, na hazina ya gavana imekauka. Nyinyi ndio serikali. Kila nyumba inalipa kodi. Okoeni bajeti.

"Lenny, si kwenu ni Kiambu, kwa hao hao waliotozwa?" Wacuka aliuliza.

"Ah, auntie, tulia. Ni game tu."

Wacuka alipitisha mkono juu ya ramani, akavizoa vijumba kwa nguvu hadi pembe zake zikamkwaruza kiganja. Akavitia mfukoni. Alibakisha kimoja tu juu ya ramani.

Profesa alikunja uso. "Na watu wa zile nyumba zingine wako wapi?"

"Wamo humu." Alikigonga kile kijumba kwa ukucha. "Familia nne, na mbuzi wao, ili walipe kodi moja. Shosho, bibi yangu, alizaliwa humu, kwenye moshi, mama yake akiwa hana hata pa kunyoosha miguu."

Akakisukuma kijumba mpaka mbele ya Lenny.

"Haya. Toza."