Mkanda wa Bosi

"Mashine yenu inaumwa kuliko mwanangu," seremala alisema, akautupa mkanda juu ya meza ya mtaalamu kama mtu anayerudisha nyanya zilizooza.

Alikuwa na haki ya kununa. Binti yake wa miaka minne, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi, alikuwa akianguka anguka tangu ajue kusimama. Daktari wa kwanza alisema atakua. Wa pili naye akasema atakua. Wa tatu hakumtazama hata mtoto. Alimtazama baba, akasema apunguze wasiwasi. Seremala alitaka kitu kimoja tu: mtu mwenye koti jeupe amwambie miguu ya mwanawe ina nini, itibiwe kabla hajaanza shule na kuchekwa.

Ndipo wakaelekezwa kwa huyu mtaalamu wa viungo, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alimfunga Bosi mkanda kiunoni, wenye kihisi kidogo kama kifungo cha koti, kinachonasa kila mtikisiko wa mwili.

"Auvae kutwa, wiki nzima," alisema. "Na muishi kama kawaida. Msimtembeze makusudi ili kuifurahisha mashine."

Seremala alitii kwa moyo wote. Waliishi kama kawaida. Asubuhi alimpandisha Bosi mabegani wakaenda karakana, ambako mtoto alikaa juu ya rundo la mbao akitoa amri. Jioni wakarudi vivyo hivyo, Bosi juu, ameyashika masikio ya baba yake kama usukani.

"Mshushe huyo, ana miguu," mkewe alisema mlangoni.

"Akianguka je?"

"Atainuka. Wewe jana si ulijikwaa hapo hapo? Mbona hatukukuzika?"

"Kizingiti kimenyanyuka. Nitakipiga randa."

"Ukimaliza uipige randa na ndala yako. Imeisha ncha utadhani inaliwa na panya."

"Ndala za siku hizi ni karatasi," seremala alisema, akapita na Bosi wake juu.

Majibu ya wiki ya kwanza yalimfanya mtaalamu akune kichwa. Akabadilisha betri. Ya wiki ya pili yakamfanya abadilishe mkanda mzima. Na sasa, wiki ya tatu, ameikodolea macho skrini, huku seremala amesoma tangazo la kunawa mikono ukutani mpaka angeweza kulihubiri.

"Semeni basi. Kama ni mbovu, semeni ni mbovu, tujue moja."

"Mkanda ni mzima, Baba Bosi. Hebu mshushe mtoto."

Alimshusha shingo upande. Nje kwenye korido, mtoto mwingine alikuwa akisukuma gari la plastiki. Bosi alimwangalia kwanza baba yake, kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo. Kisha akatoka. Akayumba, akaketi chini kwa kishindo, akainuka mwenyewe. Muda si muda walikuwa wanakimbizana, kelele juu.

Seremala alishaanza kumfuata.

"Mwache," mtaalamu alisema. "Miguu yake haina neno. Imekosa kazi tu. Mtoto atajuaje kutembea na hatembei?"

Seremala aligeuka. Wiki tatu amefunga na kufungua mkanda, amegombana na mke, wateja wamenuna, mwisho wa yote anaambiwa mtoto ana uvivu.

"Mama, msinizungushe. Kama mtoto hana neno, hiyo mistari iliyowatoa macho wiki tatu ni ya nani?"

Mtaalamu aliigeuza skrini imwelekee. Alizungumza taratibu, akifuatisha mstari kwa ncha ya kalamu.

"Hizi ni hatua ndefu, za mtu mzima. Mguu wa kushoto unaburutwa. Na kila wiki unaburutwa zaidi."

Aliuchukua mkanda pale mezani, akaulegeza mpaka tundu la mwisho kabisa.

"Simama, baba. Inua mikono nikufunge."