Pole ya Nyani

Enzi wanyama walipokuwa wakitibiana wenyewe, Nyani alikuwa mganga, na kila dawa mpya alimnywesha Panya kwanza. Panya alitapika, akanyonyoka manyoya, akalala siku tatu akijinyonganyonga. Nyani alimtazama tu. Pole hakumpa hata siku moja.

"Inauma, mganga," Panya alisema.

"Wewe ni panya. Panya hasikii uchungu kama sisi."

Siku moja homa ikamwangusha Nyani mwenyewe. Mbele yake palikuwa na vibuyu viwili vya dawa: kimoja kiliwahi kumponya Panya, kingine nusura kimuue. Kipi ni kipi, Nyani alikuwa amesahau.

"Panya, kipi kilikuchoma tumbo?" aliuliza akitetemeka.

"Mimi ni panya, mganga," Panya alijibu taratibu. "Sisikii uchungu kama ninyi. Nitajuaje?"

Nyani akavitazama vibuyu, kisha akautazama mgongo wa Panya uliobaki mtupu.

"Pole, Panya," akasema. "Pole sana."

Panya akasogea, akakisukuma kando kibuyu cha kushoto.

"Hiki ndicho kilichoniuma. Kunywa hicho kingine," akasema. "Na ugua pole, mganga."