Koti la Rangi ya Chungwa

Marlène alilichomoa koti la mvua kwenye begi la binti yake. Lilikuwa na rangi ya chungwa inayochoma macho. Akafungua zipu, akaifunga, akaifungua tena.

Kesho msichana angetoka hapa Newtown, Birmingham, Uingereza, apande ndege kwenda Jamaika, na wala si kuogelea baharini. Yeye na wenzake wa chuo walitaka kulala milimani, ndani kabisa, kusikofika watu.

Marlène aliwahi kulala milimani kusikofika watu, huko kwao Kongo, na huyuhuyu mtoto mgongoni, akimziba mdomo asilie, wenye bunduki wasije wakawasikia. Hakujua kama kuna mtu aendaye huko kwa kupenda.

Akatia begini sweta lake mwenyewe, la kijani kilichokolea. Kisha akaiona filimbi iliyofungwa kwenye mkanda wa begi, akakata uzi wake kwa meno na kuifutika ndani ya kitenge chake.

"Mama, unafanya nini?" Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Hilo koti nalihitaji. Nikipotea, watu wanione kwa mbali."

"Najua, mwanangu," alisema Marlène, akilikunja. "Ndiyo maana nimelitoa."