Dada Yetu Aliyemo Humu

Sebuleni kwa fundi cherehani, kiongozi wa kikundi cha Biblia, akina mama walishikana mikono, macho wamefumba. Fundi alikuwa akiomba, na maombi yalikuwa yamemkolea.

“Ee Bwana, mfariji dada yetu aliyemo humu, ambaye mumewe amehamia kwa mwanamke mwingine…”

Mkono aliokuwa ameushika ukakakamaa kiganjani mwake. Ndipo alipokumbuka: juzi, mwenye mkono huo alimnong’oneza, “Dada, hili lisitoke nje.”

Maji yalishamwagika. Mkono ukachomoka polepole, ukamwachia jasho.

“Amina!” wakaitikia wengine, wakidhani amemaliza. “Jamani, ni nani huyo, tumtembelee?”

Fundi akakifuta kiganja kwenye sketi, akakifuta tena.

“Ni mimi,” akasema mwenye mkono, akichukua mkoba wake. “Yaliyobaki mtayasikia kwenye maombi.”