Nzi Mwenye Kichwa Chekundu

Vidole viwili vya fundi saa vilikuwa vimegandana, na katikati yao alining'inia nzi.

Hakuwa nzi wa kweli. Alikuwa manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana, kwa ustadi ambao samaki mwenye njaa angeapa kuwa ni mdudu. Kosa lilikuwa la supagluu. Tone moja lilitakiwa kushika fundo la kichwani tu; likapanda kwenye manyoya, yakakakamaa kama ufagio, kisha likateremkia vidoleni.

"Tulia, usivute," mkewe alisema. Akaleta pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, akamsugua taratibu kama mtu anayebandua stempu. Alikuwa anacheka.

Fundi saa hakucheka. Keshokutwa, Jumamosi, baba mkwe alikuwa anakuja, na safari hii haji kula. Anakuja ili waende mtoni pamoja.

Mzee huyo hakumtaka tangu siku ya posa. Mwanaume gani, aliuliza mbele ya watu, anayeshinda kitako akichungulia saa za wenzake? Kilichomlainisha ni samaki. Kila Jumamosi fundi saa alitoka na fimbo yake ya kuvulia na kurudi na samaki mnono, na mzee kila alipowatembelea alikula, akalamba vidole, akakiri kwamba mkwe naye ni mtu. Yeye mwenyewe alikuwa mvuvi hodari enzi zake. Hakuchoka kujigamba kwamba wanawe wote aliwafundisha kuvua kabla hawajajua kusoma.

Tatizo ni kwamba fundi saa hakuwahi kuvua hata dagaa. Alikaa chini ya daraja, akarusha nzi, akavuta, akarusha tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni alipitia sokoni kwa mama muuza samaki, ambaye kila Jumamosi aliletewa na mvuvi wake samaki wabichi wa mtoni. Akanunua mmoja, akamtumbukiza kwenye kapu, akaenda nyumbani akipiga mluzi. Mkewe alikuwa ndio kwanza karudi kutoka saluni, alikoshinda Jumamosi zake zote, na alimpokea kwa vigelegele.

Sasa uongo ulikuwa umefika ukingoni, na mzee angekuwa amesimama hapo hapo akiutazama. Fundi saa aliamini mchawi wake ni gundi. Akipata gundi ya kweli, atapata nzi wa kweli, na samaki watakuja wenyewe.

Jioni hiyo alizijaribu zote. Alichanganya gundi ya mirija miwili juu ya kifuniko cha chupa. Kichwa cha nzi kikawa kokoto, na alipomweka kwenye beseni la maji alizama kichwa mbele kama anayetafuta kifungo kilichopotea. Akajaribu vanishi ya maji. Ilimetameta kama kioo mpaka ilipolowa, ikageuka nyeupe kama mtoto wa jicho.

"Kichwa kizito kinatua kwa kishindo," mkewe alisema, macho yake yakiwa kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Samaki anakimbia."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Unaota kwa sauti."

Fundi saa aliamini, maana hata msibani alikuwa anazungumzia nzi. Mkewe akafuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu, kwa kuwa ile isiyo na rangi ilikuwa imekwisha. Akamwelekeza apake mara mbili, nyembamba, na asithubutu kupaka ya pili kabla ya kwanza haijakauka kabisa.

"Na wewe unajua nini kuhusu nzi?"

"Najua kucha," alijibu, akarudi kwenye viazi vyake.

Ikafanya kazi. Vichwa viling'aa, manyoya yakabaki laini, na ndani ya beseni hakuna aliyezama wala kupata ukungu. Fundi saa aliwapanga kwenye kijisanduku, akalala na tabasamu. Asubuhi mmoja hayupo. Alimlaumu paka, kama alivyomlaumu kila wiki, na paka alivumilia kama kila wiki.

Ila kadiri Ijumaa ilivyosonga ndivyo ujasiri ulivyomtoka. Nzi mzuri ni jambo moja, samaki ni jingine. Mchana akafunga duka, akakimbilia sokoni. Atanunua samaki leo, amfiche kwenye matete, kesho ajifanye amemvuta mbele ya mzee.

Alimweleza mama muuza samaki yote, bila aibu, akimwomba japo mmoja. Akamwomba pia wa kesho, wa akiba.

"Kesho sina samaki, fundi. Mvuvi wangu hatoki. Baba yake anakuja kumtembelea."

Fundi saa akaguna kwamba kesho wazee wote wameamua kutembea.

Mama muuza samaki alimtazama kidogo, kisha akazamisha mkono kwenye barafu na kutoa kifurushi cha gazeti.

"Ila asubuhi kanipitishia huyu. Kasema ni wako. Tena kasema mzee akiuliza, umemvua kule juu, penye mawe. Chini ya daraja hapana samaki, kuna vyura tu."

Fundi saa akafunua gazeti. Samaki alikuwa bado amemng'ata nzi pembeni mwa mdomo. Kichwa cha nzi kilikuwa chekundu, kimepakwa mara mbili, nyembamba, na ya kwanza ilikuwa imeachwa ikauke kabisa.