Mayowe ya Ngiri

Ngiri na Digidigi waliumwa na nyuki wa mzinga mmoja. Ngiri aliumwa puani, akagaragara na kupiga mayowe mpaka mganga Nungunungu akaja mbio.

"Anza na mimi, mganga! Huoni pua ilivyovimba?"

Nungunungu akampita. Digidigi, aliyeumwa mguuni mara moja tu, alikuwa amekaa kimya, akihema kwa shida. Mganga akamdunga mwiba wa dawa pajani, akamngoja mpaka pumzi zikamrudia.

"Lakini mimi ndiye niliyelia zaidi!" Ngiri akang'aka.

"Wewe umevimba palepale ulipoumwa, maji baridi yatakutosha. Mwenzako kaumwa mguuni, ikavimba midomo. Hiyo ndiyo hatari. Na anayepiga mayowe, bwana, bado ana pumzi."

Ngiri akaenda mtoni kuichovya pua yake.